Sindano Aliyoitengeneza Baba

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo, ila baba jicho lake la kushoto limeingia utando na hataki kusikia habari za daktari. Anasema jicho moja linamtosha kuuona upumbavu uliopo. Shemeji yako mgongo umempa nafuu kidogo. Binti yangu mkubwa amefaulu mitihani yake, na sasa anatembea ndani ya nyumba kama mkaguzi. Msalimie wifi yangu, na mtoto mwambie shangazi anamfumia kofia.

Wiki hii nimekupigia simu mara nne, na mara nne umeniambia uko kikaoni. Basi nakuandikia. Karatasi haiendi kikaoni.

Jambo lenyewe ni hili. Sindano tulizoagiza toka Novemba zimezuiwa bandarini. Tumeletewa barua yenye mhuri inayosema sindano za mashine za kufumia zimo katika orodha mpya ya vitu visivyoruhusiwa kuingia, kwa sababu eti vinatengenezeka humu nchini. Nimeisoma mara tatu, kisha nikampa Fundi Kimya. Unamjua alivyo, miaka kumi na saba anatutengenezea mashine na hajawahi kusema maneno matano kwa mkupuo. Siku hiyo alisema sita: "Nionyesheni huyo anayezitengeneza, nimbusu miguu leo."

Wewe umekulia humu karakanani, hizo sindano ulizichezea kabla hujajua kusoma. Zile zenye ndoano kichwani na kile kiulimi kinachofunguka na kufunga. Mashine moja inabeba mia mbili, mashine tunazo kumi na mbili, na kila siku zinavunjika sita, siku mbaya nane. Zilizobaki kabatini zitatufikisha mwisho wa Aprili tukijitahidi. Baada ya hapo wanawake ishirini na watatu watarudi makwao, na shule nane zitatafuta sweta kwingine.

Ofisi yenu ndiyo inayoshughulika na mambo ya bidhaa zinazoingia na kutoka. Niulizie ni nani aliyeiweka sindano katika orodha hiyo. Sitaki kumgombeza. Nataka aje atuonyeshe zinapotengenezwa.

Dada yako


11 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mtoto anaota meno na mama yake halali. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Mpongeze binti, mwambie namwandalia zawadi. Na jicho la baba lisipuuzwe.

Kuhusu ulichouliza, naomba kwanza nikueleze picha nzima. Nchi yetu ni kubwa na uchumi wake unainuka, dunia nzima inautazama. Lakini kwa miaka tisa mfululizo urari wetu wa biashara ya bidhaa umekuwa na nakisi, maana yake tunanunua kutoka nje vitu vingi kuliko tunavyouza huko. Nchi haiwezi kuishi hivyo. Ndipo ikaundwa kamati ya wataalamu kutazama bidhaa moja moja na kujiuliza: hii kweli lazima itoke nje? Orodha uliyoiona ni matokeo ya kazi hiyo. Ni kazi ya watu wengi, si ya mtu mmoja.

Naelewa kuna maumivu ya muda. Kila dawa ina uchungu wake. Lakini nakuhakikishia ndani ya mwaka mmoja mafundi wetu wataziba pengo. Sindano si chombo cha kwenda mwezini. Hata kwetu nyumbani tuliwahi kuzitengeneza.

Vumilieni. Msalimie sana baba, mwambie kazi yake haikupotea bure.

Ndugu yako


20 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Baba ana kidonda kwenye kidole gumba, anasema alijikata na bati. Shemeji yako anakusalimu. Salamu zimekwisha.

Barua yako nilimsomea baba kwa sauti, kama ninavyomsomea zote. Nilipofika pale uliposema hata kwetu nyumbani tuliwahi kuzitengeneza, nikasimama. Naye alikuwa ameacha kutafuna. Tukatazamana, kisha akaniomba nimpe maji.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Watu wengi, kamati, wataalamu. Nani aliyewaambia hao wataalamu kwamba sindano inatengenezeka? Ni mtu mmoja tu katika nchi hii nzima anayeamini hivyo, nami nilimbeba mgongoni.

Sasa nisikilize. Baba hajawahi kutengeneza sindano hata moja. Alikuwa anazinyoosha. Zikipinda alizibana kwenye jiliwa, akazigonga kwa nyundo ndogo, akasugua ndoano kwa tupa mpaka ikang'aa, zikarudi mashineni zikafanya kazi wiki moja au mbili. Ulikuwa unasimama ubavuni mwake unauliza, "Baba unatengeneza nini?" naye anakujibu, "Sindano." Ulikuwa na miaka mitano. Baadaye wageni nao wakauliza, na jibu likawa tamu mdomoni. Hata yule ofisa aliyekuja na mpiga picha aliambiwa hivyohivyo. Nani angemrekebisha mwenye karakana mbele ya mpiga picha?

Sindano zilitoka nje siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuzichukua kwenye duka la vipuri karibu na stesheni, nikiwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nazitoa kwenye pakiti zake na kuzimimina katika kopo la chai, na pakiti nachoma nyuma ya choo. Sikuambiwa kwa nini. Nilijua.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba imefika mpaka kwenye kamati ya taifa.

Na ninyi wataalamu, nawauliza swali la mtu asiyesoma. Juzi mwalimu mkuu wa shule ya kule juu kilimani amenifuata, mpole kama anayekuja kuhani, kuniambia muhula ujao atachukua sweta kwa mfanyabiashara mmoja. Nimezishika. Zimetoka nje ya nchi, zimefumwa tayari, zina mpaka vifungo. Hizo hazimo katika orodha yenu? Mmezuia sindano, mmeachia sweta. Huo urari wenu mnaupima kwa mzani gani?

Rudi kwenye hiyo kamati useme ukweli. Kuna mnunuzi wa chuma chakavu amekwisha kuja kutazama mashine, anazipigapiga teke kama anayenunua ng'ombe. Amesema atarudi katikati ya Mei.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Huku tu wazima. Mtoto ametoa meno mawili. Wifi yako anauliza kama kofia imeshapatikana.

Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Nimeanza kuijibu mara nyingi, nikachana. Haya, ni mimi. Tulikuwa watu kumi na mmoja mezani, tumefika kwenye kundi la vipuri vidogo vya mitambo ya nguo, na kila mtu amechoka. Mkurugenzi akauliza kama kuna anayejua lolote kuhusu sindano za kufumia. Nikanyoosha mkono. Nikasema baba yangu alikuwa anazitengeneza kwa mkono, kwa tupa na jiliwa, miaka arobaini iliyopita, mkoani, bila mkopo wala msaada. Wote waligeuka kunitazama, dada. Kisha wakanipigia makofi. Mkurugenzi akasema huo ndio moyo tunaoutaka. Iliandikwa katika taarifa: fundi mmoja wa mikoani. Mwezi uliofuata nikafanywa mkuu wa kitengo.

Sasa unataka nisimame mbele ya watu walewale niseme baba yangu ni mwongo. Unajua unachoniomba? Mimi kila nilipofika, nimefika kwa sababu ya ile sindano. Shuleni waliponicheka viatu, nilikuwa najiambia baba yangu anatengeneza kitu ambacho wengine wananunua ng'ambo. Nilisoma uchumi kwa ajili hiyo. Sikuamini kwa kuwa mjinga. Niliamini kwa kuwa nyumba nzima ilinidanganya, na wewe ndiye uliyekuwa unachoma pakiti.

Ulikuwa na miaka ishirini na tano ya kuniambia. Nilipopata shahada ulilia, na baba akasimama kwenye sherehe akarudia hadithi ileile, nawe ukapiga makofi. Aliyejua akanyamaza ana haki, aliyeamini ndiye mkosaji?

Nisubirini mpaka Julai. Takwimu za nusu mwaka zikishatoka, watu watakuwa wametulia, nitatafuta namna ya kuiondoa sindano kimyakimya bila kumtaja mtu. Usiuze kitu. Nakuomba.

Ndugu yako


12 Mei

Mdogo wangu,

Kofia imo ndani ya bahasha. Uzi wake ndio wa mwisho.

Umeuliza kwa nini nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unapendeza ulipokuwa unaamini. Haya, umeshapata jibu. Halinisaidii mimi wala halikusaidii wewe. Nilikosa. Ila kosa langu lilikaa ndani ya kopo la chai, na la kwako limewekwa mhuri. Mimi nimekwisha kukubali langu. Wewe unataka kuliondoa lako kimyakimya mwezi Julai, kama mtu anayerudisha kuku wa jirani gizani.

Sasa kuna jambo ambalo sikukuandikia. Baba hakujikata na bati. Kesho yake baada ya kuisikia barua yako ya Machi, aliamka kabla yangu, akaenda karakanani, akatoa jiliwa lake la zamani. Nilimkuta ana spoku ya baiskeli na tupa. Nikamwuliza anafanya nini. Akaniambia, bila kunitazama, "Mtoto ameshasema. Sasa lazima iwe kweli."

Tangu siku hiyo yuko pale kutwa. Ana miaka sabini na tisa na jicho moja. Nimemkataza, nimemfichia tupa, akaenda kuazima kwa fundi baiskeli. Fundi Kimya amekaa naye, amemchongea ncha, amemshikia taa. Ndoano ameiweza. Kile kiulimi ndicho kinachomuua. Ni kidogo kuliko punje ya mchele, kinataka tundu na pini, na vidole vyake vinatetemeka. Ameharibu kumi na tisa. Ya ishirini ndiyo hii niliyoichomeka kwenye kipande cha boksi. Ilimchukua siku tisa. Tuliitia mashineni, ikafuma mkono mmoja wa sweta, kiulimi kikalegea kikabaki kinaning'inia. Fundi Kimya alitoka nje akasimama uani muda mrefu.

Wewe ndiye mtu wa hesabu. Siku tisa kwa sindano moja, mia mbili kwa mashine, mashine kumi na mbili. Mimi nimepata karibu miaka sitini, bila mapumziko ya Jumapili, na huo ni mkono mmoja tu wa sweta.

Kaiweke mezani mbele yao. Huna haja ya kumwita baba mwongo. Waeleze sindano ni ngumu kiasi gani. Mnunuzi atakuja na lori tarehe thelathini mwezi huu. Siwezi kumrudisha tena. Sina uzi, sina oda, na wanawake wameanza kuniaga mmoja mmoja kwa adabu inayoniumiza kuliko matusi.

Tarehe thelathini, si Julai.

Dada yako


28 Juni

Dada yangu,

Sijui nianze wapi, basi naanza na mtoto. Kofia inamtosha na haivui hata akioga.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na sita Mei. Ilikuwa imekaa kwenye dirisha la mapokezi siku sita kwa sababu karani alidhani bahasha nene hivyo ni ombi la kazi. Nilipiga simu karakanani, haikupokelewa; nikarudia asubuhi ya tarehe thelathini, ikawa vivyo hivyo. Nikaomba kamati ikutane kwa dharura, nikajibiwa kamati hukutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Ndivyo ilivyo. Nikasubiri, na sitajitetea kwa hilo.

Alhamisi ile nilisimama. Nilisema kwamba niliwapotosha. Nikasema baba yangu ni fundi hodari wa kunyoosha sindano, na kwamba mimi mwanawe sikujua tofauti ya kunyoosha na kutengeneza, na wao wasomi kumi hawakuniuliza. Kisha nikaiweka mezani. Ilizungushwa mkono kwa mkono. Mkurugenzi alikijaribu kiulimi kwa ukucha, kikadondoka kwenye zulia, tukainama sote kukitafuta na hatukukiona. Mmoja akauliza kama fundi huyo anaweza kuzalisha kwa wingi. Niliwaambia miaka sitini. Hakuna aliyecheka, wala mimi sikutaka wacheke.

Wameiondoa sindano kwenye orodha. Kibali cha kuutoa mzigo wenu bandarini nimekiambatisha, kina mihuri yote mitatu. Mimi nimeondolewa kwenye kamati na kitengo amepewa mwingine. Sasa nimewekwa chumba cha kumbukumbu, napanga fomu za forodha. Usinihurumie. Nina hasira, lakini hasira yangu haiendi kwenu tena.

Jana takwimu za awali za nusu mwaka zilitangazwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa urari wa bidhaa una ziada. Ofisini waliagiza keki. Nimezipitia fomu zenyewe, kwani ndiyo kazi niliyobaki nayo, na ziada hiyo naijua sura yake: viwanda vidogo vimeacha kununua vipuri, kwa hiyo yaliyoingia yamepungua, na chuma kinachotoka kimeongezeka. Watu hawakuuza zaidi walichotengeneza, dada. Wameuza vya kutengenezea.

Katika fomu za mwanzo wa Juni niliona mstari unaosema mashine za kufuma zilizotumika, kwa uzito, kama chuma chakavu. Nikaufuata kwa kidole. Kisha nikaona idadi: kumi na moja. Zenu ni kumi na mbili. Nimeurudia mstari ule mara nyingi leo, na kila mara ni kumi na moja. Kwa hiyo si zenu. Niandikie haraka uniambie si zenu.

Ndugu yako


20 Julai

Mdogo wangu,

Baba hajambo. Shemeji yako hajambo. Mtoto asiivue kofia, ni sawa.

Ni zetu.

Lori lilikuja tarehe thelathini saa tatu asubuhi, na simu uliyoipiga ilikuwa inalia mezani wakati wapakiaji wanang'oa mashine ya kwanza sakafuni. Sikuipokea. Nilidhani unataka kunieleza habari za Julai. Hilo nitakufa nalo, kwa hiyo usiniulize. Walipofika ya kumi na mbili, ile ya dirishani, baba alikuwa amekaa mbele yake na tupa mkononi, anasugua. Walimwomba ainuke. Akaendelea kusugua. Walimwomba kwa heshima, wakamwita mzee wetu, wakamwita babu. Mmoja akamshika bega, Fundi Kimya akautoa mkono ule begani. Mnunuzi akatazama saa yake, akasema kumi na moja zinatosha.

Nimesoma habari ya keki yenu nikaenda kusimama uani, maana nilikuwa na neno mdomoni ambalo mwanamke wa umri wangu hapaswi kulitamka mbele ya binti yake. Wanawake ishirini na watatu, mdogo wangu. Yule wa kushona kola sasa anauza karanga mlangoni mwa shule ileile aliyoivisha sweta miaka kumi na miwili, na watoto wanaonunua wamevaa zile za ng'ambo. Waambie hao waliokula keki kwamba ziada yao naifahamu. Iliondoka hapa kwangu kwa lori, imefungwa kamba.

Sindano zimefika jana kwa kibali chako. Elfu mbili na mia nne, zimepakwa grisi, kila moja na kiulimi chake. Kwa mashine moja zitatosha mpaka niwe na vitukuu. Nilizimimina kwenye kopo la chai. Pakiti sikuzichoma safari hii. Nimeziacha mezani, aone anayetaka kuona.

Umefanya ulichopaswa kufanya, ila ulichelewa, na vyote viwili nitavikumbuka. Sijaacha kukukasirikia. Likizo yako ni Agosti. Njoo nikukasirikie uso kwa uso, inachosha kukasirika kwa karatasi.

Na kuna sababu nyingine ya kuja. Baba anauliza kila siku. Haulizi habari za mashine wala za orodha. Anauliza kamati ilisema nini kuhusu sindano yake. Nilimsomea barua yako yote, lakini nilipofika pale kiulimi kilipodondoka kwenye zulia, mdomo wangu uligeuka wenyewe. Nilimwambia waliitia mashineni, ikafuma. Akauliza imefuma kiasi gani. Nikamwambia sweta nzima.

Akaiweka tupa chini. Kisha akasema, "Hiyo nitaamini nikiisikia kwa mtoto mwenyewe. Yeye hajui kudanganya."

Anakusubiri.

Dada yako